Mapatano Wakati wa Talaka: Kuyaandika na Kuyatimiza

Jambo tutakalolisema leo si la furaha, wala hatulisemi kwa kutaka kuwafundisha watu kuachana. Twalisema kwa sababu nyumba huvunjika, na ikiisha kuvunjika hubaki watoto, na shamba, na ng'ombe, na madeni. Mambo hayo yasipogawanywa kwa mapatano yaliyo wazi, ugomvi wa watu wawili huwa ugomvi wa koo mbili, na pengine wana huurithi kabla hawajarithi hata mbuzi mmoja.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya daftari hilo.

Desturi za wazee

Tusidhani kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na sheria kabla ya kuletewa karatasi. Kwa Wairaqw wazee walikaa pamoja wakasikiliza pande zote mbili mpaka neno likapatikana. Kwa Wabarabaig desturi ilikuwa na jambo moja ambalo wageni wengi walilistaajabia: msichana anapoolewa hupewa ng'ombe na baba yake na jamaa zake, na ng'ombe hao huhesabiwa kuwa wake, tena mumewe hana ruhusa ya kuwatoa apendavyo. Nao wanawake wa Kibarabaig walikuwa na baraza lao wenyewe, lenye uwezo wa kumtoza faini ya mifugo mwanamume aliyevunja haki za mke. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mwanamke kuwa na mali yake ni mambo mapya ya mjini, yafaa aulizwe kama ameijua vema desturi ya nchi yake.

Walakini desturi ya maneno matupu ina udhaifu. Mashahidi huzeeka na kufa, na watoto wa mashahidi huhamia Babati au Arusha. Ng'ombe aliyetajwa barazani huzaa, naye aliyezaliwa hazungumzwi na mtu. Baada ya miaka mitano kila upande huwa na kumbukumbu yake.

Sheria ya nchi

Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania ilitoa Waraka wake wa mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, na mwaka 1971 ikapatikana Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Sheria hiyo huzihusu ndoa zote, za kanisani, za Kiislamu, za kiserikali na za kimila. Katika Mbulu na Hanang wako Wakatoliki na Walutheri wengi, nao wana kanuni za makanisa yao juu ya ndoa. Hizo ni habari nyingine ambayo hatuigusi hapa. Twasema juu ya haki ambazo mahakama huzilinda.

Yafaa tukumbuke mambo manne.

Kwanza, ndoa haivunjwi kwa mapatano ya mume na mke peke yao, wala kwa barua, wala kwa kurudisha mahari. Ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, baada ya mahakama kuridhika kwamba imeharibika hata haitengenezeki. Kadhalika ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikumalizwa kulipwa. Mume hawezi kumfukuza mke mikono mitupu kwa hoja hiyo.

Pili, kabla ya kwenda mahakamani wapasa kupita katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kusema kwamba limeshindwa, na hati hiyo haifai kuwa imepita miezi 6 siku shauri linapofunguliwa. Baraza laweza kuandika mashauri yake juu ya watoto, matunzo na mali, lakini haliwezi kuvunja ndoa wala kugawa mali kwa amri. Wako watu waliogawana ng'ombe mbele ya baraza, wakaenda zao wakidhani wamekwisha achana. Kumbe mbele ya sheria ni mume na mke bado. Tena sheria haimfungi mtu pasipo njia: ikiwa mwenzi ametoroka na hajulikani aliko, labda alikwenda machimboni Mererani na habari zake zimekatika, au ameitwa barazani akakataa makusudi kuja, mahakama yaweza kupokea shauri bila usuluhishi.

Tatu, shauri laweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo iko karibu na watu na lugha yake ni Kiswahili. Kama ndoa haijatimiza miaka 2, yahitajiwa kwanza ruhusa ya mahakama, nayo hutolewa kwa ajili ya taabu isiyo ya kawaida.

Nne, na hili ndilo kiini cha maneno yetu, sheria yataka maombi ya talaka yaeleze mapatano yoyote waliyopatana mume na mke juu ya matunzo na mgawanyo wa mali. Na kama hawakupatana, mwombaji aeleze mapendekezo yake. Hakimu naye hupaswa kuyatazama mapatano hayo na kuridhika kwamba ni ya haki. Basi mapatano yana mahali pake katika sheria. Walakini nguvu yake hutoka mahakamani.

Mali ipi hugawanywa

Fungu la 114 la Sheria ya Ndoa huiagiza mahakama kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi ya pamoja. Hakimu hutazama desturi za jamii ya watu hao, na mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akiisha kuyapima hayo huelekea kwenye usawa.

Zamani kulikuwa na mabishano: je, mke asiyeleta mshahara, bali alipika, akachota maji, akalea watoto na kupalilia, amechangia nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Tangu siku hiyo mtu hana haki ya kusema, "Ng'ombe ni wangu kwa kuwa niliwanunua mimi mnadani." Aliyewakama, aliyewakatia majani wakati wa kiangazi na kulima mahindi yaliyouzwa ili wanunuliwe, naye ana neno.

Shamba alilorithi mume kwa baba yake, na mifugo ya ukoo aliyopewa kuilinda tu, haiwi mali ya kugawana. Lakini mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa sana kwa kazi ya mwenziwe au kwa kazi ya wote wawili, yaweza kuingia katika hesabu. Na penye wake wawili au watatu yapasa kuandika mali ya kila nyumba mbalimbali, asije mke mmoja akagawiwa jasho la mwenziwe.

Mapatano mabaya na mapatano mema

Tuweke mfano, si habari ya mtu yeyote. Mume na mke wa upande wa Dongobesh wamekaa miaka 14. Wana watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 13. Wamejenga nyumba, wana shamba la ekari 4 walilonunua pamoja, plau, na ng'ombe 11. Nane wako nyumbani: maksai 2, majike 3, mitamba 2 na ndama mmoja. Majike 3 wengine wamewekwa kwa rafiki upande wa Basotu, kama ilivyo desturi ya nchi hii ya kukopeshana ng'ombe ili wasife wote kwa ugonjwa mmoja au ukame mmoja. Tena wana deni la shilingi 400,000 katika kikundi cha kukopeshana.

Usuluhishi umeshindikana. Jamaa wanakaa, na mtu mmoja anaandika hivi: "Tumepatana kwamba mke apewe ng'ombe watano na sehemu ya shamba, na mume atawatunza watoto." Wote wanatia sahihi, na jioni hiyo wote wanaridhika.

Sasa tuyapime maneno hayo. Ng'ombe watano, ni wepi? Mume aweza kutoa ndama na vikongwe, akasema ametimiza. Je, wale wa Basotu wamo? Mke akienda kuwadai, yule rafiki atajibu kwamba yeye alipewa na mume wala hamjui mke. Sehemu ya shamba, ni ipi, ya mtoni au ya mawe? Nani atavuna mahindi yaliyosimama? "Atawatunza watoto," kwa kitu gani na tarehe gani? Nalo deni halikutajwa kabisa. Karatasi hiyo ni mbegu ya kesi tatu.

Tuiandike tena. Watoto watakaa na mama. Sheria hukisia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 afaa kukaa na mamaye, ingawa kisio hilo laweza kupingwa kwa ushahidi. Na yule wa miaka 13 ameulizwa neno lake. Watakwenda kwa baba wakati wa likizo za Juni na Desemba. Baba atatoa magunia manne ya mahindi kila mwaka kabla ya tarehe 31 Agosti, na shilingi 50,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, pamoja na nusu ya gharama ya shule na matibabu.

Mke atachukua ng'ombe 5: majike 2 wa nyumbani, mtamba 1, na majike 2 walioko Basotu, kila mmoja akiandikwa rangi yake, pembe zake na alama ya sikio, pamoja na ndama watakaozaliwa tangu siku ya mapatano. Yule rafiki wa Basotu ameitwa, amewataja ng'ombe, na ametia sahihi kwamba tangu leo wawili ni wa mke. Mume atachukua ng'ombe 6 waliosalia na plau. Maana maksai wawili wakigawanywa mmoja mmoja, plau huwa chuma cha bure kwa wote wawili. Kwa kuwa amepata plau na ng'ombe mmoja zaidi, mume atalipa deni lote la kikundi, tena atamlimia mke shamba lake misimu miwili. Shamba limegawanywa ekari mbili mbili, na mipaka imetajwa kwa njia, mfereji na miti, na majina ya majirani. Nyumba ni ya mke wakati watoto wakikaa naye. Mavuno yaliyo shambani yatagawanywa nusu kwa nusu.

Mwisho wameandika siku ya kutimiza kila jambo, na majina ya mashahidi kutoka pande zote mbili.

Hatusemi kwamba kila nyumba igawanye hivyo hivyo. Twasema kwamba kila neno liwe na hesabu, mahali na tarehe. Msomaji asiyewajua kabisa watu hawa akiisoma karatasi hiyo baada ya miaka kumi, aweze kwenda zizini na kumwonyesha ng'ombe kwa kidole.

Watoto

Juu ya watoto twaongeza neno. Wako wazee wasemao kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, na kwamba mahari ikiisha kulipwa hakuna swali. Mahakama huzisikiliza desturi za jamii, walakini huzisikiliza baada ya jambo kubwa kuliko yote, ndilo manufaa ya mtoto mwenyewe. Hutazama pia matakwa ya wazazi, na ya mtoto akiwa na umri wa kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekaza haki ya mtoto kupata chakula, makazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo mapatano ya kusema, "Mke achukue watoto, asidai matunzo kamwe," hayamzuii mtoto kupata haki yake, na hakimu aweza kuyakataa. Haki hiyo ni ya mtoto, wala si mali ya mama hata aiuze ili apate kuondoka kwa amani.

Kadhalika mapatano ya kumpa mke ng'ombe au fedha mara moja ili asidai matunzo yake mwenyewe siku zijazo hayana nguvu mpaka mahakama iyakubali.

Kutia sahihi

Asitie sahihi mtu aliyepigwa, aliyetishwa au aliyefungiwa njia. Mapatano yaliyopatikana kwa fimbo si mapatano, na hakimu akiulizwa mapema hutaka kujua yalivyopatikana. Mwanamke aliyekaa peke yake kati ya wazee kumi wa ukoo wa mume na akaambiwa, "Sema ndiyo," yafaa aombe siku nyingine, aje na ndugu zake.

Wako mama na wazee wengi wasemao Kiiraqw au Kidatoga tu. Hao wasomewe karatasi nzima kwa lugha yao na mtu asiye na upande, kabla hawajatia dole gumba. Na jina la aliyesoma liandikwe. Kwa wasio na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao ni kuwasaidia watu bila malipo. Ni afadhali kuwauliza hao kuliko kumlipa mwandishi wa barazani asiyejua alichoandika.

Nakala ziwe tatu: ya mume, ya mke na ya mahakama. Wala tusisahau tarehe 3 Desemba 2023, siku tope na mawe yalipoporomoka kutoka mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa na nyumba nyingi zikapotea na vyote vilivyokuwa ndani. Karatasi iliyo katika sanduku moja tu haina salama. Nakala nyingine na ikae kwa ndugu wa mbali.

Kutimiza

Mapatano yakiisha kupelekwa mbele ya hakimu, naye akayatia katika hukumu yake ya talaka, huwa amri ya mahakama. Yakibaki mfukoni au kwa mwenyekiti wa kitongoji, hubaki ushahidi wa maneno yaliyosemwa, na aliyenyimwa haki yake itampasa aanze kesi upya.

Mwenzako asipotimiza amri, rudi katika mahakama iliyoitoa uombe kukaza hukumu. Hakimu humwita mkaidi aeleze sababu. Asipokuwa na sababu, mali yake yaweza kukamatwa na kuuzwa. Matunzo yaliyolimbikizwa hudaiwa kama deni jingine lolote. Usikawie hata miaka ipite, maana ng'ombe hutembea na mashahidi husahau. Tena usiende usiku kuswaga ng'ombe uliogawiwa, hata kama ni haki yako. Utajikuta umeshitakiwa wewe, na mwenye kosa amekaa nyumbani akicheka.

Kwa upande wa shamba, chukua nakala ya hukumu hata halmashauri ya kijiji, ili ardhi iandikwe kwa jina lako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 husema kwamba desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Tena humpa nafasi mtu aliyeachana na mwenzake, aliyekuwa mwanakijiji mahali fulani kabla ya ndoa, kurudi kuomba ardhi kijijini kwake. Haifai mama arudi kwao akaambiwa kwamba yeye sasa ni mgeni.

Mlipaji naye ajilinde. Ukipeleka magunia, yaandikwe mbele ya shahidi. Ukipeleka fedha kwa simu, utunze ujumbe wake. Baba wengi waliotoa kwa moyo mwema walishindwa kuthibitisha kwa kuwa walitoa njiani, siku ya mnada, bila mtu kuona. Na hali ikibadilika, mvua ikakatika au ng'ombe wakafa, mlipaji asiache kimya kimya kutoa. Aende kwa hakimu aombe kiasi kibadilishwe, maana sheria humruhusu. Kadhalika mke akiolewa tena, matunzo yake yeye hukoma; lakini ya watoto hayakomi kwa sababu hiyo.

Basi, Mabibi na Mabwana, tuyakusanye maneno yetu. Piteni barazani mpate hati. Hesabuni mali yote, na ile iliyo kwa marafiki. Andikeni kila jambo kwa hesabu, mahali na tarehe, na deni lisiachwe. Somewa kabla ya kutia dole. Pelekeni karatasi kwa hakimu, na mwisho itimizeni mbele ya mashahidi.

Watu wawili waliokwisha achana watakutana tena, wapende wasipende: siku ya mwana kuoa, siku ya mazishi, siku ya mnada. Heri wakutane hali kila mmoja anajua kilicho chake, ili mtoto wao aweze kusimama kati yao pasipo kuona haya.

Kwaherini.